Impreza inashuka: springi za mbele na nyuma zimekatwa

Gari ni Subaru Impreza wagon, kodi ya bodi GG3, injini EJ15 ya lita 1.5, zile za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilizojaa Dar. Injini haina shida, giaboksi haina shida. Kinachonikera ni pengo la mbele: ngumi inaingia kati ya tairi na madgadi na bado inageuka humo ndani.

Lengo ni sm 2 mbele na sm 1 nyuma, basi. Anayetaka gari lilambe lami aishi kwenye lami. Mimi kutoka barabara kuu hadi getini kuna matuta ambayo kila mtaa umejijengea kwa kimo chake, na mengine hayana hata mteremko, ni ukuta tu. Japani, gari zetu zinakotoka, ukaguzi wao unataka sehemu ya chini isipungue sm 9 kutoka ardhini. Kwa huku kwetu hizo sm 9 ni za kuombea dua.

Nyuma nimepunguza kidogo kwa sababu mbili. Kwanza ni wagon, inabeba: ndoo, mahindi, wajomba. Pili, Impreza za toleo hili, GD (sedan) na GG (wagon), zina ugonjwa wao unaojulikana. Bodi ya mbele imekatwa juu zaidi kwenye tairi kuliko ya nyuma, kwa hiyo hata kimo cha chini ya gari kikiwa sawa mbele na nyuma, kwa macho gari limekalia matako. Ukishusha pande zote sawasawa, ugonjwa unabaki vilevile.

Springi mpya za kushushia, za kampuni kama Tein au Eibach, ndiyo njia safi, na mwenye hela asisome zaidi. Fundi wa kwanza niliyemuuliza alinipa ya bei rahisi kuliko zote: "Kaka, tunapiga gesi tu hapohapo, dakika mbili linalala lenyewe." Hapana. Chuma cha springi kimepikwa na kupoozwa kwa vipimo ili kiwe na ukakamavu. Ukikiwasha moto mpaka kiwe chekundu unakirudisha kuwa nondo. Kitaendelea kulala kila wiki, na upande mmoja utalala kuliko mwingine. Mimi nilikata zilezile za zamani. Kukata kunasemwa vibaya mitaani, lakini mbaya ni moto, na tamaa ya kukata mizunguko miwili kwa mpigo.

Hesabu ya kukata ni rahisi kuliko wengi wanavyodhani. Mzigo unaobebwa na springi unapita kwenye kila mzunguko kwa ukamilifu wake, kwa hiyo ukiondoa mzunguko mmoja, iliyobaki haibonyei zaidi ya ilivyokuwa. Kwa shokapu zilizosimama wima ndani ya springi kama hizi za Impreza, gari linashuka takriban kimo cha kile ulichoondoa, kikipimwa gari likiwa limesimama chini. Mbele nilipata mm 43 toka waya hadi waya. Nusu mzunguko ni mm 21.5. Ugumu nao unapanda: mizunguko inayofanya kazi ilikuwa kama 5, ikabaki 4.5, yaani karibu 11% zaidi. Shokapu nzima inabeba hiyo bila kulalamika. Shokapu iliyochoka ndiyo inayofanya watu waseme springi zilizokatwa zinarukaruka.

Kazi yenyewe. Kabla ya kufungua bolti mbili za chini za shokapu ya mbele, weka alama kwa patasi kwenye ile ya juu. Ina kichwa chenye kipimo, ndiyo inayoweka mlalo wa tairi, ukiipoteza nafasi unaanza upya. Fungua mpira wa breki na waya wa ABS visining'inie. Kisha vibano viwili vya springi, vikitazamana, unakaza huku robo, kule robo. Nati ya katikati haiguswi mpaka springi icheze mkononi. Springi iliyobanwa ikiruka haikupi nafasi ya pili.

Kata ncha ya chini, ile iliyo wazi inayokaa kwenye kikombe chenye kituo. Ile iliyojifunga usiiguse. Nilitumia grenda na diski nyembamba, nakata kidogo, naweka kitambaa chenye maji, narudia. Palipokatwa palibaki na mstari wa bluu mwembamba kama ukucha, na hapo ni mahali pa kukalia tu, hapafanyi kazi ya kubonyea. Nikapiga tupa, nikapaka rangi, nikarudisha ncha mpaka igonge kituo cha kikombe. Mpira wa kizuizi ndani ya shokapu nao ulipunguzwa pingili moja, maana nafasi ya kubonyea imeliwa sm 2. Nyuma ni hadithi ileile, robo mzunguko.

Mtihani ninaouamini kuliko yote: nyanyua gari, tairi lining'inie, shika springi kwa mkono ujaribu kuizungusha. Ikizunguka, umekata sana, itoe. Zangu zimekaza pande zote nne.

Kitu kinachosahaulika ni bushi za loa amu, ile mikono ya chini inayoshika tairi. Zilikazwa kiwandani kwa kimo cha zamani, kwa hiyo ukishusha zinaishi zimesokotwa hadi zipasuke. Nililegeza bolti, nikateremsha gari kwenye matairi yake, nikalitikisa, ndipo nikakaza.

Vipimo vya katikati ya tairi hadi ukingo wa bodi: mbele 38.5 imekuwa 36.4, nyuma 37.5 imekuwa 36.5. Kwenye mashine ya alaimenti, mlalo wa tairi za mbele umetoka nyuzi −0.2 hadi −0.7. Nimeuacha hapo, nikaomba tu mwelekeo wa tairi urudishwe sifuri, kwani huo ndio unaokula raba. Taa nazo zimenyanyuliwa kidogo, pua ilikuwa inaangalia chini.

Barabarani, kona za Morogoro Road zimetulia na usukani unajibu haraka. Kwenye rasta meno yanasikia tofauti, sitadanganya. Matuta ya mtaani linapita tupu, na watu wanne ndani linapita kwa mshazari. Kilichobaki ni shokapu mpya za nyuma, kwani za sasa zimeanza kulia mafuta. Mpaka hapo, mahindi yatasubiri basi.