Nilivyomsawazisha Fumo Liyongo bila kumpunguzia nguvu

Mimi na vijana wawili wa mtaani tunatengeneza mchezo wa karata wa kwetu, wenye majini, mazimwi na mashujaa wa pwani. Katika majaribio, aliyebahatika kumpata Fumo Liyongo mapema alishinda karibu kila mara. Vijana wakataka tumshushe nguvu kutoka nane hadi tano. Nikakataa. Liyongo wa tano ni askari wa kawaida aliyepewa jina kubwa.

Niliona heri tuanze na bei za karata nyingine. Hapo mchezo wa karata wa Magic: The Gathering ulinifaa sana. Katika toleo lake la kwanza, mwaka 1993, Richard Garfield aliweka kundi la karata za mana moja (mana ndiyo nishati unayolipia karata) zinazokupa kitu mara tatu. Lightning Bolt inajeruhi pointi tatu, na mchezaji huanza na uhai wa 20. Healing Salve inaweza kurudisha uhai tatu. Ancestral Recall inakuokotesha karata tatu. Kwa hesabu zinalingana; mezani ni mbingu na ardhi. Hadi leo, katika mashindano ya Vintage (yanayoruhusu karata karibu zote za zamani), Ancestral Recall inaruhusiwa moja tu kwa kila mchezaji, wakati karata nyingi huruhusiwa nne, na Healing Salve haitafutwi na mtu. Uhai ulioongezwa haukupi jambo la kufanya. Karata tatu mkononi ni mambo matatu ya kufanya, tena umeyanunua kwa karata moja.

Basi tukaanza kuandika kila mchezo kwenye daftari: nani ameanza, na ameshika nini ilipofika zamu ya tatu. Likajitokeza jina ambalo hakuna aliyekuwa akilitilia shaka: Mpiga Siwa, karata ndogo ya bei moja inayookotesha mbili. Ndiye aliyekuwa akimleta Liyongo haraka. Tukampandisha bei hadi tatu. Pia anayeanza mchezo tukamnyima karata ya zamu ya kwanza, kama wafanyavyo kwenye Magic, na faida ya kuanza ikapungua.

Bado Liyongo alihitaji mlango wa kuingilia, na hadithi yenyewe inao: sindano ya shaba kitovuni, kwa mkono wa mwanawe. Lakini karata inayomfaa adui mmoja tu ni mzigo mkononi akiwa hayupo. Kwa hiyo Sindano ya Shaba inampunguzia kiumbe yeyote nguvu mbili, na inamuua Liyongo iwapo tu mpinzani wake ana karata ya Kijana, yaani yule mwanawe, mezani. Kijana ni dhaifu, anauawa na chochote, kwa hiyo mwenye Liyongo anapata nafasi ya kujilinda, na mpinzani inambidi amfiche Kijana nyuma ya wengine.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote ni kifo chake. Liyongo alikufa amepiga goti kisimani, upinde mkononi, na watu wakaogopa kwenda kuteka maji wakidhani yu hai. Kwetu, akichomwa sindano anabaki mezani zamu moja zaidi. Hashambulii, ila mpinzani haokoti karata zamu hiyo. Yaani kumuua kuna gharama, na nguvu zake ni nane zilezile.

Sasa tatizo ni Mpiga Siwa: kwa bei ya tatu hakuna anayemchagua. Tunamjaribu kwa mbili, kwa sharti kwamba aliyemcheza asishambulie zamu hiyo.