Mtoto asimtafsirie mama yake: uzoefu wangu na akina mama wa Kilatino Minneapolis

Nafanya zamu ya usiku katika nyumba salama ya wanawake hapa Minneapolis, Marekani. Mimi ni Mchaga wa Moshi, Kihispania nimejifunzia ukubwani. Wenzangu wanaopokea manusura wa ukatili wa kijinsia huko nyumbani wameniuliza tuliwezaje kuwafanya akina mama wa Kilatino, yaani wenye asili ya Amerika ya Kilatini, wabaki kwetu, maana zamani wengi walikuwa wanalala usiku mmoja au miwili kisha wanarudi walikotoka.

Kwanza tulikataa kabisa mtoto kumtafsiria mama yake. Mtoto wa darasa la tatu hawezi kuambiwa amweleze mgeni jinsi baba alivyomkaba mama. Na mama akimwona mwanaye pale atapunguza maneno, kisha maelezo hayo yaliyopungua ndiyo yanayoandikwa kwenye maombi ya amri ya mahakama ya kumzuia mume asimkaribie. Tunapiga simu kwa mkalimani wa kulipwa, hata saa nane usiku. Lakini jamii yao hapa ni ndogo, na mkalimani anaweza kuwa anasali parokia moja na huyo mume. Kwa hiyo tunauliza kabla: unataka mwanamke? Unataka aliye mji mwingine? Na nyumbani kwenu mlikuwa mnaongea lugha gani?

Swali hilo la mwisho nalithamini sana. Minneapolis kuna Waekwado wengi, na baadhi yao wamelelewa kwa Kikichwa, lugha ya wenyeji wa asili wa milima ya Andes. Wapo Waguatemala wanaoongea Kimam, lugha mojawapo ya Wamaya. Ukimhoji mtu wa namna hiyo kwa Kihispania cha harakaharaka, ataitikia “sí, sí” (ndiyo, ndiyo) kwa heshima tu, nawe utaandika kwamba amekubali jambo ambalo hakulielewa. Mimi niliyelelewa kwa Kichaga na kukutana na Kiswahili shuleni, hilo halikuhitaji semina.

Halafu kuna hofu ya makaratasi. Mume husema, “Ukitoka nawaita la migra,” yaani watu wa uhamiaji. Tunamweleza mama polepole kwamba tangu sheria ya mwaka 1994, mke anayenyanyaswa na mume aliye raia au mkaazi wa kudumu anaweza kujiombea ukaazi mwenyewe bila mume kujua. Mwaka 2000 ikaongezwa viza ya U kwa waathirika wa uhalifu wanaowasaidia polisi au waendesha mashtaka, na hiyo haiangalii kama mume ana makaratasi au hana. Zinatolewa 10,000 tu kwa mwaka, na foleni yake ni ya miaka. Siahidi kitu. Namtafuta mwanasheria wa uhamiaji, basi.

Sheria peke yake haikuwabakiza, hata hivyo. Sisi tulikuwa tunamuuliza kila mama, “Uko tayari kumwacha?” Wengi walitaka kipigo kiishe, hawakuwa tayari kupoteza ukoo mzima, wakwe, wasimamizi wa ubatizo na watu wote wa sikukuu za Desemba. Siku hizi namuuliza, “Nani katika watu wenu anakuamini?” Mara nyingi anamtaja comadre, mama wa ubatizo wa mwanaye, ambaye kwao ni ndugu kamili. Akituruhusu tunampigia. Tunahakikisha kwanza kwamba si dada wa mume, kwani hilo nalo hutokea.

Njia hii hatukuibuni sisi. Ng’ambo ya mto, St. Paul, wanawake wa Kilatino walianzisha Casa de Esperanza mwaka 1982, leo inaitwa Esperanza United. Wao walijua tangu zamani kwamba msaada hupita kwa jirani anayeaminika kabla ya kufika ofisini.

Tukafungua jiko jioni. Kila anayetaka anakanda masa, yaani donge la unga wa mahindi, anachoma tortilla, chapati zake, na hakuna anayekuita kwenye ushauri nasaha. Pale ndipo mama mmoja wa Puebla, Meksiko, alisema kwamba kila alipomlilia mama yake alijibiwa, “Aguanta, hija,” vumilia mwanangu, na wengine wote wakaacha kukanda. Walianza kusimulia ya kwao. Mmoja akauliza kama Mungu atamhukumu kwa kuondoka. Nilimweleza kwamba maaskofu Wakatoliki wa Marekani walitamka wazi mwaka 2002 kwamba hakuna anayetarajiwa kubaki katika ndoa ya ukatili. Aliomba aone maandishi yenyewe kwa Kihispania, akakaa nayo usiku kucha.

Kama fedha zenu ni chache, ziwekeni kwa promotora, mwanamke wa jamii hiyohiyo aliyefundishwa kazi hii, na mumlipe mshahara, si nauli na asante. Wa kwetu aliwahi kulala katika vyumba hivihivi. Anaongea Kikichwa na Kihispania, na simu nyingi zinazoingia sasa zinamtaja yeye kwa jina.