Siku moja maishani mwangu: mgumu wa Kilimanjaro, Barranco mpaka Karanga

Wageni wengi wanaopanda Kilimanjaro wanasema wamekuja kupumzisha akili, wazime simu, watembee taratibu, wakae na mlima. Mi nawaelewa na sioni ubaya wowote, mlima wetu unafaa sana kwa hilo. Ila nataka mjue kwamba huyo anayetembea taratibu, mbele yake na nyuma yake kuna watu wanakimbia ili yeye asikimbie, na hao ndo sisi wagumu. Mjini wanatuita wapagazi na kuna wanaoamini ni kazi ya mtu aliyekosa kazi. Nawapa siku moja tu, siku ya nne ya njia ya Machame.

Saa 11 alfajiri. Mpishi kaamka kabla yetu, jiko la gesi linaunguruma. Kambi ya Barranco iko mita 4,000 kasoro kidogo, hema limeganda barafu juu, ukiligusa linakwaruza. Nachukua ndoo naenda kuteka maji, narudi, nasugua mikono, basi.

Saa 12. Maji yakiwa yanachemka napata dakika zangu na huwa sizitoi kwa mtu. Naenda kusimama kwenye ile miti mikubwa ya senesio iliyozunguka kambi. Aina ile inaota Kilimanjaro tu, dunia nzima hakuna kwingine. Usiku majani yake ya juu yanajikunja yakafunika kichipukizi kisigande, na majani yaliyokufa hayadondoki, yanabaki yameuvaa mti kama koti. Jua likifika yanafunguka, lakini polepole mno, ukiangalia huoni kitu, ukigeuka ukarudi unakuta yameshaachia. Nimeanza kazi hii nikiwa kijana mdogo na bado naenda kuangalia. Mgeni akiniuliza nini cha kuona Barranco nampeleka pale kwanza.

Saa 1 mpaka saa 2 ni chai kwenye mahema, maji ya kunawa, uji, mayai, kuosha vyombo, kukunja.

Saa 2 na nusu naingia ukutani, na hapa naomba mnivumilie maana hapa ndo siku yenyewe ilipokaa. Ukuta wa Barranco ni mwamba umesimama mbele ya kambi, zaidi ya mita 200, huhitaji kamba lakini kuna sehemu unatumia mikono. Mgeni anapanda na kibegi cha maji na jaketi. Mimi nina mzigo kichwani juu ya kata ya kitambaa, sheria ya hifadhi inasema mwisho kilo 20 na unapimwa getini, siku hiyo ulikuwa hema la kulia na meza, na begi langu mgongoni. Mkono mmoja unashika mzigo, mmoja unashika mwamba. Utaratibu unajulikana, mgeni anaegemea upande wa mlima, mgumu anapita upande wa nje, kwenye bonde, sekunde chache tu kila mtu anaendelea.

Sasa kuna jamaa mmoja, sio wa kundi letu, kafika pale kwenye jiwe ambalo lazima ulikumbatie ndo upite, kasimama. Anarekodi video. Anaongea na simu, anageuza anaonyesha bonde, anafuta, anaanza upya. Kiongozi wake anamwambia kwa upole, sir, wagumu wanapita, naye anajibu kwamba hataki kuharakishwa, amesafiri mbali kuja kutulia. Nyuma yangu foleni inazidi kurefuka, wagumu wa makampuni tofauti, mitungi ya gesi, viti, mabegi, mmoja amebeba choo cha wageni, wote tumesimama kwenye upana wa kiatu. Mzigo ukiwa unatembea ni mwepesi, ukisimama nao ndo unakuwa mzito, shingo inaanza kuwaka, mguu unatetemeka wenyewe bila ruhusa yako. Na hewa ile, pumzi moja ina oksijeni kama asilimia 60 hivi ya ile ya pwani. Kijana wa nyuma yangu, bado mgeni wa kazi, akaniambia "kaka mi nashindwa", nikamwambia egemeza mzigo kwenye mwamba dogo, usiangalie chini, vuta pumzi, na hapo mi mwenyewe nilikuwa nahesabu pumzi zangu. Hatukuruhusiwa kupiga kelele wala hatukupiga. Alipomaliza akaondoka hata hakugeuka nyuma. Iliniuma, nasema kweli. Kutulia ni jambo zuri, lakini sio ukitulia juu ya shingo ya mwenzako, na kutazama bonde kungeweza kufanyika hatua kumi mbele penye nafasi.

Tukafika juu. Barafu ya Kibo, kilele kikuu cha mlima, inaonekana karibu hivi, na wageni wote hukaa pale. Sisi tulipita, mda ulishaliwa.

Baada ya hapo saa sizikumbuki vizuri. Ni kushuka, kupanda, kushuka tena kwenye bonde la Karanga, pale chini kuna kijito, alafu unakipanda kile kilima cha mwisho kilichosimama wima ukiwa unaiona kambi juu. Tukafunga mahema upepo unavuma. Alafu maji. Karanga ndo maji ya mwisho, ukipita hapo mpaka kambi ya Barafu hakuna, kwa hiyo ukishapanda na mzigo unarudi tena bondeni na ndoo unapanda nayo kichwani, ukungu umeshaingia, huoni mbele. Safari ya mwisho ya ndoo magoti yalikuwa hayanisikii kabisa. Wageni wetu wakawasili wakakuta mahema yamesimama, chai na bisi mezani. Mama mmoja mtu mzima akaja mpaka hema la jikoni akashika mikono yangu yote miwili akasema asante. Nikamwambia karibu sana mama.

Usiku tunakula ugali na dagaa tumebanana jikoni, taa za Moshi zinaonekana kule chini, na hapo hadithi zinaanza. Kuna mzee wetu anapanda tangu enzi za kupikia kuni, kabla hazijakatazwa. Anatuonyesha kwa mkono barafu ilipokuwa inaishia ujanani kwake. Ni kweli, zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyopimwa 1912 imekwenda. Siku hiyo akamwelezea yule dogo habari za 1889, kwamba Mjerumani Hans Meyer alishajaribu akashindwa, safari iliyomfikisha kileleni yeye na mwenzake Purtscheller ni ile aliyoweka kambi juu, na chakula kikawa kinapandishwa na watu kutoka Marangu kila baada ya siku chache, na mtu wa Pangani aitwaye Mwini Amani akakaa kule kwenye baridi akiwalindia kambi na kuwapikia. "Bila hao hakuna kilele," mzee akasema, "na majina yao wengi hayakuandikwa." Dogo akauliza, sasa wa Pangani, mtu wa joto, aliwezaje? Mzee akamjibu, kama wewe ulivyoweza leo.

Kiongozi akaingia na mipango ya kesho. Kambi ya Barafu ni mawe matupu, sehemu za kufunga hema zilizo tambarare ni chache, lazima watu wawili watangulie mapema na maji wakashike nafasi. Nikamwambia niandike mimi. Dogo akasema na yeye aandikwe.