Pikseli Ngapi Zinatosha kwa Bango la Ukutani?

Dada yangu ana mgahawa mdogo hapa Moshi, na mwezi uliopita aliniomba nimtengenezee bango la Kibo, kilele cha Kilimanjaro, la ukubwa wa A1, litundikwe nyuma ya kaunta. Picha aliyoichagua ilipigwa na jirani yetu alfajiri, theluji ikiwa imeanza kushika rangi ya jua. Niliipenda mara moja. Hata hivyo, ilikuwa imepitia WhatsApp ikapunguzwa, na nilipoifungua kwenye kompyuta nikakuta upande wake mrefu una pikseli, yaani nukta ndogo zinazounda picha, 1600 tu.

Karatasi ya A1 ina milimita 594 kwa 841, yaani upande mrefu ni kama inchi 33. Pikseli 1600 zikitandazwa humo, kila inchi inapata 48 hivi. Fundi wa duka moja la uchapaji alikuwa amekwisha kumwambia dada kwamba picha isiyo na pikseli 300 kwa inchi haifai kabisa kuchapwa. Kauli hiyo nimeisikia mara nyingi, nami naona inawakatisha watu tamaa bila sababu, kwa kuwa A1 kwa kipimo hicho inadai pikseli 9933 kwa 7016, karibu milioni 70, ambazo kamera nyingi hazina.

Kipimo cha 300 kinafaa kwa kitabu au jarida, kitu ambacho msomaji hukishika mkononi. Jicho lenye afya hutofautisha vitu vilivyoachana kwa pembe ya takriban sehemu moja ya sitini ya digrii. Kwa umbali wa sentimita 30 hiyo ni sawa na nukta 290 hivi kwa inchi, kwa mita moja ni 87, na kwa mita mbili ni 44 tu. Kwa hiyo swali la kwanza nililomwuliza dada lilikuwa mahali watakaposimama wateja wake. Wanaokaa mezani watakuwa mbali zaidi ya mita mbili, lakini anayelipa husogea hadi mita moja au pungufu, na huyo ndiye niliyemfikiria nilipoamua kutafuta pikseli 150 kwa inchi.

Wapo wanaofungua programu ya picha, wakabadilisha namba ya pikseli kwa inchi kutoka 72 kuwa 300, wakaamini kazi imekwisha. Namba hiyo ni maelekezo tu kwa printa kuhusu ukubwa wa kuchapa; pikseli hubaki zilezile. Programu ikiagizwa kuziongeza, hukisia zilizokosekana kutokana na zilizo jirani, faili likawa zito huku nyufa za barafu zikibaki na ukungu uleule.

Nilimwomba jirani atume faili halisi la kamera, safari hii kama hati ili lisipunguzwe. Lilikuwa na pikseli 6000 kwa 4000. Baada ya kupunguza kingo ili lilingane na umbo la A1, zilibaki 5657 kwa upande mrefu, yaani 171 kwa inchi. Jina la mgahawa sikulichanganya na picha; nililiacha kama maandishi ndani ya PDF, maana kingo za herufi huonyesha kasoro upesi kuliko mawingu.

Kabla ya kulipia bango zima, tulikata sehemu ya kilele inayoenea A4, tukaichapa kwa ukubwa wake kamili na kuibandika ukutani. Dada aliitazama kutoka mlangoni, akaja hadi kwenye kaunta, kisha akainama karibu kabisa. Siku iliyofuata tukapeleka faili likachapwe.