Bakteria anayekula mwani

Leo nimemwona Zobellia galactanivorans kwa macho yangu, na mshangao haujaniisha. Ni bakteria wa baharini, aliyepatikana kwenye mwani mwekundu huko Roscoff, Ufaransa. Makundi yake ya rangi ya njano yalikuwa yamezama kwenye agari ya maabara, ile jeli ya kuoteshea bakteria, kila moja ndani ya kishimo chake. Agari yenyewe hutengenezwa kwa mwani mwekundu, kwa hiyo alikuwa amelazwa juu ya chakula chake! Vimeng'enya vyake, yaani protini zinazovunja chakula, huikatakata minyororo ya sukari ya mwani. Kinachonisisimua zaidi: mwaka 2010 watafiti walionyesha kwamba jeni za vimeng'enya vya namna hii zilihama kutoka bakteria wa baharini hadi bakteria wa utumbo wa Wajapani, yaelekea kupitia mwani wanaoula.