Usiku nilipoielewa mitandao

Niko mwaka wa pili wa shahada ya TEHAMA, na somo lililonitoa jasho kuliko yote ni mitandao ya kompyuta.

Wiki nne nzima nilikuwa nakariri. Anwani ya IP (namba inayotambulisha kifaa kwenye mtandao) toleo la 4 ina biti 32, yaani tarakimu 32 za sifuri au moja, sawa. Ukigawa mtandao wa /24, yaani wenye anwani 256, katika vipande vinne, kila kipande kinapata anwani 64, ila ni 62 tu zinazogawiwa vifaa. Kwa nini 62? Jibu nilikuwa naliandika bila kulielewa, na jambo hilo lilininyima raha.

Juzi mwenzangu wa darasani akaniambia niweke kikokotoo pembeni, niandike kila namba kwa sifuri na moja. Tukakaa hadi usiku wa manane. Nikaona kwa macho yangu: biti za mwisho zikiwa sifuri zote, hiyo ni anwani ya mtandao wenyewe; zikiwa moja zote, ujumbe unakwenda kwa vifaa vyote vya mtandao huo. Mbili zimeshaondoka. Niliinuka kitini nikapiga makofi!

Hifadhidata na kuandika programu navipenda pia, lakini hili limenigusa kwa namna yake. Biti 32 hutoa anwani kama bilioni 4.3 tu, hazitoshi dunia hii ya simu na kompyuta, ndiyo maana toleo la 6 likapewa biti 128. Sasa ninaposoma naiona sababu.

Kesho tuna maabara ya ruta, kifaa kinachounganisha mitandao. Nitawahi kiti cha mbele.