Enendeni, Mkajionyeshe

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii moyo wangu umeelemewa na ndoo. Ni ile ndoo ya plastiki ya lita 20 yenye koki, inayokaa kwenye kona ya jiko katika nyumba nyingi za washirika wetu, kuanzia Tengeru hadi Ngarenanyuki, hapa Arusha. Imefunikwa kitambaa kilichofumwa vizuri, na ndani yake umo mkaa wa mifupa wa kuchujia maji. Iliombewa siku ilipoletwa. Maji yanatoka safi, yana ladha nzuri, na watoto wanakunywa. Lakini ukiuliza mkaa ule ulibadilishwa lini, mama anamuuliza baba, na baba hakumbuki.

Mnaijua habari ya Yeriko katika 2 Wafalme 2. Watu walimwendea Elisha wakamwambia kwamba mji wao ni mzuri, lakini maji yake hayafai. Walikuwa wakweli. Hawakuficha aibu ya mji kwa sababu ya uzuri wake. Naye Elisha hakuishia kuomba akiwa barazani. Alitoka akaenda mpaka kwenye chemchemi yenyewe.

Mji wetu nao ni mzuri. Mlima Meru unatupa udongo mwekundu, migomba, kahawa na hewa ambayo wageni wanaitafuta kutoka mbali. Lakini Meru ni volkano, na miamba yake ina floraidi, madini yanayoyeyuka majini. Maji yanapopenya kwenye miamba hiyo yanaibeba. Shirika la Afya Duniani linataka maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita, na ziko chemchemi, visima na mito kwenye miteremko ya Meru inayozidi kiwango hicho mara nyingi. Mtoto anayekunywa maji hayo meno yake ya kudumu yakiwa bado yanajengeka ndani ya ufizi, yaani tangu uchanga hadi kama miaka 8, meno yatatoka na mabaka ya kahawia ambayo hakuna mswaki utakaoyaondoa. Kiwango kikiwa kikubwa zaidi na kwa miaka mingi, mifupa nayo inaharibika, mgongo unakakamaa na miguu inapinda.

Mtazameni binti wa kwaya wakati wa kipindi cha sifa. Anaimba kwa midomo iliyobanwa, na akicheka anapandisha kiganja kufunika mdomo. Ana miaka 16. Kiganja kile kimezoea kazi hiyo tangu darasa la kwanza.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo wengi tunapokosea. Floraidi haina rangi, haina harufu, na kwa viwango vya maji yetu huwezi kuionja. Kuchemsha hakuiondoi. Maji yanapungua kwa mvuke, floraidi inabaki sufuriani, kwa hiyo maji yaliyochemka muda mrefu yana floraidi nyingi kwa lita kuliko yalivyokuwa. Dawa ya maji ya vidonge au ya kimiminika inaua vijidudu, floraidi haiigusi. Kitambaa na mchanga wa kawaida vinashika tope tu.

Mfupa ndio unaoishika. Madini yanayojenga mfupa ni jamii moja na yale yanayojenga jino, na floraidi inayapenda madini hayo, inaingia na kukaa ndani yake. Ndiyo maana inamharibu mtoto, na ndiyo maana mkaa wa mifupa ya ng'ombe unamwokoa. Kinachotokea ndani ya ndoo ni kama kile ambacho kingetokea ndani ya mwili wa mtoto, ila sasa kinautokea mfupa mwingine kwa niaba yake. Mtu aliyekwisha kuisoma Isaya 53 hawezi kupita hapo haraka. Kuna kilichobeba madhara ili mwanao asiyabebe.

Lakini mfupa una kikomo, wapendwa. Kristo alijitoa mara moja ikatosha; mkaa hautoshi mara moja. Hebu tupige hesabu pamoja. Chukua ndoo yenye kilo 10 za mkaa mzuri. Tukisie kwamba kila gramu itashika miligramu 2 za floraidi kabla ya kuchoka. Hiyo ni miligramu 20,000 kwa jumla. Kama maji ya bomba lenu yana miligramu 8 kwa lita na mnataka yashuke hadi 1, kila lita inaacha miligramu 7 kwenye mkaa. Gawanya: mtapata kama lita 2,850. Familia inayotumia lita 20 kwa siku kwa kunywa na kupika itaumaliza mkaa huo kwa miezi minne na nusu hivi. Maji yakiwa na miligramu 4, utafika kama miezi kumi na mmoja. Hayo ni makisio tu, kwa sababu mkaa unatofautiana na maji yanatofautiana. Ila kwa maji ya viwango hivyo hakuna hesabu itakayowapa miaka mitatu.

Na mkaa uliochoka haupigi kelele. Koki inatoa maji yaleyale safi, kwa kasi ileile, na ladha ileile. Utajuaje? Kwa kupima, hakuna njia nyingine.

Ndipo nilipolikumbuka neno la Bwana kwa wale wakoma kumi, Luka 17:14: "Enendeni, mkajionyeshe kwa makuhani." Kuhani katika Torati ndiye aliyekuwa mpimaji. Someni Walawi 13: anatazama rangi ya unywele, anatazama kama ugonjwa umeingia chini ya ngozi, anamtenga mtu siku saba, kisha anamtazama tena. Ni kazi ya uchunguzi, yenye dalili zilizoandikwa na siku zilizohesabiwa. Na Bwana wetu, ambaye neno lake peke yake linatakasa, aliwatuma waliokuwa wakipona waende kwa mpimaji. Hakuona kwamba kupimwa ni kumkosea Mungu imani. Kama Yesu aliuruhusu muujiza wake upimwe, sisi tunaogopa nini kupima ndoo?

Niseme kwa upendo, lakini niseme wazi. Tumelea katika sharika zetu fikra kwamba kuuliza ni kupungukiwa imani. Mtoto akipinda miguu, baadhi yetu tunakimbilia kusema ni laana ya ukoo au karogwa na jirani, na familia inaingia kwenye uadui wa miaka kumi kwa kitu kilichokuwa kisimani. Wengine tumeambiwa tukiyaombea maji yanatosha. Ombeeni maji, nami nitasema amina, kisha pelekeni chupa maabara. Mwaka 2011 sote tuliona foleni za magari kwenda Samunge, Loliondo, kwa kikombe cha dawa ya miti cha shilingi 500, kilichosemwa kinaponya magonjwa sugu. Siwahukumu waliokwenda, maana mgonjwa hutafuta. Lakini waliorudi hospitali kupimwa ndio waliofanya alivyoagiza Bwana, na walioacha dawa bila kupima walijiweka hatarini. Wachungaji na wainjilisti wenzangu katika shamba la Bwana, tukimzuia mtu kwenda kwa mpimaji tunamzuia njia ambayo Yesu mwenyewe alimwelekeza mkoma. Hilo tutaulizwa. Na mtoto mwenye matege apelekwe hospitali mapema, kwa kuwa si kila matege ni floraidi. Mengine yanatokana na upungufu wa vitamini D au kalisiamu, na tiba zake ni tofauti.

Turudi kwenye ndoo. Mkaa wenyewe unaanzia machinjioni. Mifupa husafishwa nyama na mafuta, ikakaushwa juani, kisha ikachomwa kwenye tanuri lenye hewa kidogo, nyuzi joto 400 hadi 500 hivi, kwa saa kadhaa. Ukiuona mweusi tii na unanuka nyama, haukuiva. Maji yatachukua harufu na rangi. Ukiwa mweupe kama chaki, ulizidishiwa moto na nguvu yake ya kushika floraidi imepungua sana. Baada ya kuchomwa husagwa na kuchekechwa, chembe zibaki za ukubwa wa nusu milimita hadi milimita 3. Unga ukibaki ndoo itaziba. Chembe zikiwa kubwa maji yatapita kati yake bila kushikwa. Uoshwe mpaka maji ya kuoshea yawe safi. Kisha pimeni mwendo wa koki: jagi la lita 1 lisijae chini ya dakika 5. Watu hupanua koki wakitaka maji haraka, na maji yanayokimbia hayapati muda wa kuacha mzigo wake. Chujeni kwanza, chemsheni baadaye, kwa sababu mkaa wenye unyevu unaweza kufuga vijidudu.

Jirani zetu Waislamu wanaochota kwetu wana haki ya kujua mifupa ilitoka kwa mnyama gani na alichinjwaje. Waambieni ukweli. Kama hamjui, mwulizeni aliyewauzia.

Wako watu wa hapahapa ambao Mungu amewapa akili kwa ajili ya jambo hili. Ngurdoto kuna kituo cha serikali kilichofanya kazi ya kuondoa floraidi kwa miaka mingi. Pale Tengeru, katika Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, mhandisi wa kemia Askwar Hilonga alibuni kichujio kinachounganisha mchanga na chembe ndogo mno zinazochaguliwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali husika, na mwaka 2015 akapata tuzo ya Afrika ya chuo cha uhandisi cha Uingereza. Waombeeni kwa majina, kama tunavyowaombea wamisionari.

Ninyi wa Moshi msijione mko salama kwa sababu maji mengi ya Kilimanjaro yana floraidi kidogo. Yatazameni magadi. Magadi mengine yana floraidi nyingi, na kijiko kinachotiwa kwenye makande au maharage ili yaive upesi kinaweza kuirudisha sumu mliyoepushwa nayo mtoni. Lowekeni maharage usiku kucha, mwageni maji yale, pikeni bila magadi.

Na mvua, wapendwa! Maji ya mvua karibu hayana floraidi kabisa. Milimita 1 ya mvua juu ya mita mraba 1 ya bati ni lita 1. Kanisa lenye paa la mita mraba 300 likipata mvua ya milimita 10, ni lita 3,000. Ukitoa zinazopotea bado lita 2,400 ziko mkononi. Mvua moja ya masika! Tunachangishana kwa ajili ya spika na vigae, na maji safi yanamwagika ukutani kila Aprili. Wekeni mifereji na tangi. Maji ya mwanzo, lita 150 hadi 300 kwa paa la ukubwa huo, yaachwe yaende na vumbi na kinyesi cha ndege. Funikeni tangi lisipate mwanga wala mbu. Hayo ndiyo mnayoweza kuyachemsha bila hofu, nayo wapewe kwanza watoto wadogo.

Jumapili hii, ibada ikiisha, kila jumuiya ilete chupa mbili ili zipelekwe pamoja maabara ya ubora wa maji: moja ya maji kabla ya kuingia kwenye ndoo, moja baada ya kutoka. Ziwe chupa safi za plastiki za nusu lita. Zisuuzwe mara tatu kwa maji yaleyale mtakayoyaleta, bila sabuni, kisha zijazwe na kufungwa vizuri. Juu yake andikeni kwa kalamu isiyofutika chanzo cha maji, tarehe mliyochota, na tarehe mkaa ulipowekwa. Kama tarehe hiyo hakuna anayeikumbuka, andikeni "haijulikani".